Riwaya ya mpenzi wa mtandaoni anayegeuka hatari: uisimulie kwa sauti ya nani?

Mwaka huu nimeulizwa swali moja mara nyingi sana na watu wanaoandika, wengi wako Kampala na wachache huku Busia kwetu, na karibu wote wana hadithi ile ile kichwani: binti (saa zingine kijana) anakutana na mtu kwa simu, wanachati, wanapendana, halafu mtu yule kumbe si yule. Hadithi wanayo. Wanapokwama ni hapa, nani asimulie? Aliyependa, anayewinda, ndugu anayetafuta ukweli, ama tuweke meseji zenyewe msomaji ajisomee? Mimi nimejaribu njia zote nne, mbili nikazimaliza, mbili ziko kwa daftari bado, kwa hiyo naongea kitu ambacho mikono yangu inakijua.

Vipimo vyangu ni vinne na nitavitumia kwa kila sauti. Kwanza, msomaji anajua nini na anakijua lini, maana riwaya ya aina hii inaishi kwa siri. Pili, hofu inatoka wapi. Tatu, aliyedanganywa anabaki na heshima yake ama anaonekana mjinga. Nne, kazi yenyewe, yaani utakwama wapi ukifika ukurasa wa sitini.

Hicho cha tatu nakishika sana na nitasema kwa nini. Mama yangu mdogo alipendana na mtu wa simu miezi saba. Mtu akasema anakuja, akatuma mpaka namba ya ndege. Mama mdogo akanunua gauni, akapanda teksi tatu mpaka Entebbe, akakaa pale wanapotokea abiria kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na kila mlango ukifunguka anasimama. Alirudi usiku, gauni bado lina mikunjo ya kukaa. Watu nyumbani walicheka. Mimi sikucheka na mpaka leo nikisoma hadithi ambayo mwandishi anamcheka mtu wa namna ile naifunga. Mama mdogo si mjinga, ameendesha duka lake miaka kumi na nane na hajawahi kupigwa hesabu na mtu yeyote.

Haya, tuingie.

AKISIMULIA ALIYEPENDA

Hii ndio inakuja ya kwanza kwa watu wengi na si bure. Unaandika "mimi", msomaji anajua kile tu dada anachokijua, na anakijua siku ile ile. Siri inajificha yenyewe bila wewe kuisukuma chini ya kitanda.

Hofu hapa inapanda polepole, haihitaji kisu wala gari jeusi linalofuata mtu. Siku ya pili jamaa anasema tutoke kwa hii apu tuhamie WhatsApp, huku mtandao wangu unasumbua. Kamera yake imeharibika, na wiki ya sita bado imeharibika. Dada anaacha kwenda mazoezi ya kwaya kwa sababu saa ile ndio jamaa anapiga. Msomaji anaona, na dada naye anaona, tatizo ni kwamba ana jibu la kila kitu, na yale majibu anayojipa ndio riwaya yenyewe. Ukishatoa elfu hamsini ya kwanza, ya pili unatoa ili ile ya kwanza isiwe imepotea bure, na ya tatu hivyo hivyo, mpaka unauza mbuzi. Ukiweza kumfanya msomaji aone ile hesabu ina maana, umeshinda.

Kuna kitu kimoja cha hapa kwetu ambacho nashangaa waandishi hawakitumii. Ukituma pesa kwa mobaili mani, jina la mwenye laini linakuja kwa skrini kabla hujaweka namba ya siri. Sasa dada anamtumia mpenzi wake mhandisi wa meli, pesa ya kutoa kifurushi kilichokwama forodha Entebbe, na jina linalokuja ni la mwanamke. Anasimama. Kidole kiko juu ya vitufe. Wakala anamwangalia, nyuma kuna mtu anataka kutoa elfu ishirini na ana haraka. Dada anajiambia huyo ni wa ofisi ya forodha, ama ni dada yake, ama laini alisajiliwa na mtu kwa kitambulisho chake, kwani si hata mimi laini yangu ya kwanza ilisajiliwa na kaka? Anaweka namba ya siri. Sura nzima hiyo, na imetokea mbele ya kibanda cha njano kwa dakika moja na nusu.

Heshima iko juu kabisa kwa sauti hii, ukiwa ndani ya mtu kila hatua yake unaielewa. Ila kazi yake nzito ni katikati. Msomaji wa leo ameshasikia habari hizi, atajua jamaa ni mwongo mapema sana, na akikaa kurasa mia anamsubiri dada afike pale alipo yeye, anachoka. Kwa hiyo lazima umpe swali la pili, tofauti na "je ni tapeli". Mimi nilimpa hili: dada alijua tangu mwezi wa pili, sasa anaendelea kwa nini? Inamfaa mwandishi anayependa kukaa ndani ya kichwa cha mtu na anayevumilia kuandika matukio madogo madogo. Kama wewe unataka mbio, utateseka.

AKISIMULIA MWINDAJI

Hapa msomaji anajua karibu kila kitu kutoka ukurasa wa kwanza. Swali linahama, haliulizi tena ni nani, linauliza atafika wapi na nani atamzuia. Caroline Kepnes wa Marekani alifanya hivyo kwenye riwaya yake You ya mwaka 2014, mwindaji anamsemesha windo lake moja kwa moja, "wewe" "wewe" mwanzo mpaka mwisho, na hapo ndio unaona ubaya wa sauti hii ulivyo mtamu: baada ya kurasa chache unaanza kuona mambo kwa macho yake. Hofu inatoka pale unapojikuta umekubaliana na mtu ambaye hukutakiwa kukubaliana naye.

Nilipoijaribu niliweka mwanamke anayeuza mitumba soko la Owino, Kampala, tumwite Hadija, na mwanaume anayemsoma kupitia stetasi tu:

"Jumatatu anafungua belo. Najua kwa sababu anapiga picha kabla hajakata kamba, kila Jumatatu, na anaandika Bismillah. Jumatatu hana pesa, imelala kwa belo. Jumanne mchana nguo nzuri zimeshatoka. Jumanne jioni amechoka na ana laki mbili. Mimi huwa naumwa Jumanne jioni."

Mistari hiyo ilinitisha mwenyewe maana hakuna kosa lolote Hadija amefanya, ameweka tu picha ya kazi yake.

Lakini kwa kipimo cha heshima sauti hii ni hatari. Mwindaji atamsimulia mtu kama swala, na wewe mwandishi usipojichunga utamfanya mwindaji awe na akili kuliko wote na kitabu kitageuka darasa la utapeli. Dawa niliyoiona ni kumpa Hadija vitu ambavyo jamaa anavisoma vibaya. Anadhani kanyamaza kwa sababu anampenda, kumbe kanyamaza kwa sababu amekaa na dada zake wanahesabu tarehe za meseji. Msomaji akianza kuona kile ambacho msimulizi hakioni, heshima inarudi.

Na kuna aina ya pili ya mwindaji ambayo kwangu mimi ndio hadithi kubwa ya miaka hii, na iko karibu na sisi kuliko tunavyofikiri. Vijana kutoka Uganda na Kenya wamepewa ahadi ya kazi ya kompyuta Thailand, wakatua Bangkok, wakaendeshwa gari usiku na kuvushwa mpaka wakajikuta Myanmar, upande wa Myawaddy, ndani ya majengo yenye ukuta na walinzi, pasipoti zimechukuliwa. Kazi yao ni kujifanya wapenzi. Wanapewa picha za mtu mwingine, wanapewa maneno ya kuandika, wanapewa lengo la kufikisha, wasipofikisha wanapigwa. Wengine waliokolewa mwaka 2025 na kurudishwa makwao. Sasa fikiria msimulizi wako ni kijana wa Iganga mwenye diploma, anamwandikia mwanamke mzee wa nchi ya mbali "nimekukumbuka, umekula?", na yeye mwenyewe hajala. Anataka kumwambia ukweli lakini meseji zake zinasomwa. Je atamtapeli ili aishi? Hapo mwindaji na mateka ni mtu mmoja, na hofu ina pande mbili. Sijaona riwaya ya Kiswahili iliyokaa ndani ya chumba kile na natamani sana mtu aiandike, awaulize waliorudi kwanza, kwa adabu, asiwachimbe kwa nguvu.

Kazi yake? Ngumu kwa roho zaidi kuliko kwa kalamu. Njama inakwenda yenyewe kwa sababu msimulizi ndiye mwenye mpango. Ila kukaa mwaka mzima na kichwa cha mtu mbaya kunachosha, mimi nilianza kuwaza vibaya juu ya stetasi za majirani nikaacha miezi miwili. Inamfaa mwandishi mwenye ujasiri na aliye na mtu wa kumsomea rasimu na kumwambia hapa umeanza kumpenda huyu jamaa, rudi.

AKISIMULIA NDUGU WA PEMBENI

Dada wa mhanga, rafiki, mwenye nyumba, mama. Mtu anayefika baadaye na kukuta simu imefungwa na mwenye simu hayupo. Msomaji anajua vipande na anavipata kwa kuvitafuta, kwa hiyo siri inakaa kwa mpangilio ambao msomaji anauzoea, mlango baada ya mlango.

Hapa kwetu ana mtu wake aliyetengenezwa tayari: ssenga. Kwa Baganda, shangazi ndiye aliyekuwa anamfundisha binti mambo ya ndoa na ndiye anayemchunguza mwanaume kabla hajaletwa kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha kwa wazazi. Huyu ni wa ukoo gani, muziro wake (mnyama wa ukoo, ambaye haliwi) nini, babu yake alizikwa wapi, kwa sababu watu wa ukoo mmoja hawaoani. Simu imekuja ikamruka ssenga kabisa. Profaili ina picha, umri na mahali, ukoo haimo. Sasa mpe ssenga zile chati asome. Jamaa anajiita Walusimbi. Ssenga anajua hilo ni jina la Ffumbe, ndilo jina la mkuu wa ukoo huo. Halafu chini huko, mwezi wa tatu wa mapenzi, jamaa anasema kwa mzaha yeye hali samaki kamongo sababu ni mtu wa Mmamba, ukoo mwingine kabisa. Binti hakusikia kitu. Ssenga anaweka simu chini. Nikuambie ukweli, ile nafasi ambapo mama wa miaka sitini na tano anamkamata mwongo wa mtandaoni bila programu yoyote, kwa kujua majina tu, ndio sehemu niliyofurahia kuandika kuliko zote maishani mwangu.

Hofu inatoka kwa saa. Ssenga anagundua leo, binti alitoka jana. Anaenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, kuomba barua, mwenyekiti yuko mazikoni. Anaenda polisi, anaulizwa huyo binti ana miaka mingapi, ishirini na sita? basi mama subiri, atarudi. Anaenda steji kuuliza boda aliyembeba. Kila hatua ina mtu na kila mtu ana lugha yake, na hapa Kiswahili chetu cha Uganda kinapumua vizuri, askari anaongea chake, boda anachanganya na Luganda, mwanamke wa Bombo ana lafudhi yake ya Kinubi, usiwasawazishe wote waongee kama taarifa ya habari.

Ubaya wake ni mbili. Mapenzi yenyewe yako mbali, tunayasoma kama majivu, na msomaji anaweza kumaliza kitabu bila kuelewa kwa nini binti alipenda. Na ndugu wa pembeni anateleza haraka kuwa mhubiri, "ningemwambia", "watoto wa siku hizi". Heshima ya binti inapotea hapo. Mpe ssenga aibu yake mwenyewe, labda binti alijaribu kumwambia mara moja na yeye akamkata. Kwa kazi, hii ndio sauti rahisi kuimaliza kwa sababu uchunguzi una ngazi zake, ukikwama unauliza tu, sasa anaenda kwa nani? Naipendekeza kwa anayeandika riwaya yake ya kwanza na kwa wanaopenda hadithi za upelelezi.

MESEJI TUPU

Hakuna msimulizi. Chati, voisi noti zilizoandikwa, risiti za mobaili mani, simu ambazo hazikupokelewa. Msomaji anajua vyote wanavyoambiana na hajui hata kimoja wanachofikiri, kwa hiyo anafanya kazi ya mpelelezi mwenyewe.

Saa 4:10 usiku. Umelala?
Saa 4:10 usiku. Bado
Saa 4:11 usiku. Ujumbe huu umefutwa
Saa 4:11 usiku. Umefuta nini
Saa 4:26 usiku. Hakuna. Nilikosea mtu

Dakika kumi na tano zile ndio hofu. Huna haja ya kuandika moyo ulidunda. Na hadithi ya barua si ngeni kwa wasomaji wetu, Mariama Bâ wa Senegali aliandika riwaya nzima kama barua mwaka 1979 na Kiswahili tunayo, Barua Ndefu Kama Hii, kwa hiyo usiogope kwamba watu watashindwa kuifuata.

Historia ya mtandao wetu pia inakupa njama bure. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa karibu siku tano, na Facebook nayo ikafungwa, watu wakawa wanaingia kwa VPN, programu ya kuzunguka kizuizi. Weka mapenzi yako katikati ya wiki ile. Tarehe 13 jioni wanachati, meseji ya mwisho ina tiki moja. Halafu ukurasa mtupu. Tarehe 18 mtandao unarudi na mmoja wao anaandika kwa namna tofauti kidogo, alama zake za mshangao zimeisha, anasema "ndiyo" badala ya "ndio". Ni yule yule? Na VPN yenyewe inaficha mahali mtu alipo, binti mwenyewe yuko Wandegeya, Kampala, anakula roleksi (chapati na mayai) na simu yake inadai yuko Uholanzi, sasa atamshangaaje mwanaume ambaye mahali pake panabadilika?

Kwa heshima iko katikati, hakuna anayemhukumu binti lakini pia hakuna anayemtetea. Kwa kazi inadanganya watu. Inaonekana nyepesi, ila kila mtu lazima aandike kwa mkono wake, vifupisho vyake, makosa yake, na uwe sawa mwanzo mpaka mwisho, na baada ya kurasa themanini macho yanachoka. Mimi yangu ilifia ya tisini. Nadhani inakaa vizuri zaidi kama hadithi ya mafungu mafupi ya kusomwa kwa simu.

SASA WEWE UKO WAPI

Kama hadithi imekutokea wewe ama mtu wako wa karibu na bado inauma, anza na aliyependa, lakini badilisha kazi, mji na majina, na mwombe mwenyewe ruhusa. Kama haijapoa kabisa hata mkono unatetemeka, chukua ndugu wa pembeni, ile nafasi ya kusimama mbali itakusaidia kumaliza.

Kama unachotaka ni watu waelewe jinsi mtu anavyosomwa kupitia vitu anavyoposti, mwindaji atafanya hivyo kuliko wote. Ila kama wasomaji wako ni wanafunzi wa sekondari, fikiria mara mbili kabla ya kuwafungia na sauti ile kurasa mia tatu, labda mpe sura moja moja katikati ya sauti nyingine.

Kama una jioni mbili tu kwa wiki na watoto wanakuita, meseji zinakubali kuandikwa vipande vipande. Kama unataka kuipeleka kwa mchapishaji wa Nairobi ama Dar es Salaam, ndugu wa pembeni na aliyependa zinasomeka bila maelezo mengi, ila yale ya LC1 na kwanjula usiyafute, wataelewa kutoka kwa tukio.

Kuchanganya inawezekana, sauti mbili zinatosha. Aliyependa na ssenga wake wakipokezana sura, binti anapanda huku ssenga anashuka kwa zile zile meseji, ndio daftari ninaloandika sasa hivi.

Na kama umesoma mpaka hapa na bado huna uhakika, chukua tukio moja tu, lile la kibanda cha mobaili mani na jina lisilo lake. Liandike ukurasa mmoja kwa kila sauti, kurasa nne, jioni moja. Mpe mtu asiyeandika asome, mama wa duka, boda wako, halafu muulize ni ukurasa gani aliotaka kumzuia dada asiweke namba ya siri. Atakaokuonyesha, endelea na huo kesho.